Maua ya Milo Strand

Alder Fork, Kansas
17 Aprili 1935

Mama mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha. Jumapili lilikuja vumbi ambalo hata marehemu baba hakuwahi kusimulia la namna hiyo. Lilikuja kama ukuta mweusi, na alasiri ikawa giza hadi kuku wakapanda kulala wenyewe. Nimepoteza kuku kumi na tisa, na wengine bado wanakohoa. Binamu Irma amejifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye nywele. Kituo changu cha mayai bado kipo wazi. Wakulima wanaleta, namulika kila yai kwenye taa kama kawaida, mabovu nawarudishia, nao wananuna kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Mtu amenionyesha gazeti la Tulsa. Una picha humo, umevaa gauni jeusi, umesimama kati ya gari alimouawa mwanao na ndama mwenye vichwa viwili aliye ndani ya chupa. Wameandika kwamba gari lina matundu ya risasi mia moja na saba. Mama, siku lilipovutwa kutoka Missouri, lile gari nililizunguka mimi mwenyewe nikayahesabu. Yalikuwa thelathini na nane. Ama gari linazaa, ama huyo Bwana Gaskill wako wa maonyesho ana bunduki nyuma ya hema.

Lakini hilo ni la Gaskill. Lako ni hili: gazeti linasema uliwaambia watu kwamba mwanao hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Watu wakalia. Mama, Milo Strand yuko makaburini, safu ya tatu kutoka langoni. Tangu mwanao aingie benki na lile genge lake, Hulda, mkewe Milo, analala peke yake. Unajua hivyo kuliko gazeti la Tulsa.

Huku nako sipumui. Juzi mtu kutoka Iowa alitaka kununua kitasa cha mlango wa jikoni, awe na kitu alichoshika mwanao. Nikamwambia mkono ulioshika kitasa hicho kuliko mingine ni wangu. Akasema, "Ah, basi haina maana." Miaka tisa nimejenga jina langu yai kwa yai, na sasa siitwi Leota tena, naitwa dada wa yule.

Rudi nyumbani. Sikukuu ya Kupamba Makaburi ni mwezi ujao, na kaburi la baba linakungoja.

Bintiyo,
Leota

Muskogee, Oklahoma
6 Mei 1935

Mwanangu Leota,

Nakusalimu kwa upendo. Barua yako ilinitafuta miji mitatu kabla ya kunipata. Pole kwa kuku. Wanaokohoa wape kitunguu kilichokatwakatwa kwenye maji. Hongera kwa Irma. Mwambie nywele za kuzaliwa nazo huanguka, asizililie. Miguu yangu imevimba lakini viatu vipya vinasaidia. Chakula si kibaya. Mpishi wa huku hutia sukari kwenye mkate wa mahindi, nami nimekaa kimya, maana mgeni hapangi jiko.

Bwana Gaskill si mtu mbaya kama unavyodhani. Ni mtu wa kelele tu.

Unaniuliza nafanya nini huku. Wewe ulikuwepo Jumapili zile baada ya mazishi ya Dell. Nilikaa kwenye benchi la kanisa nililolikalia tangu niolewe, na benchi zima likabaki langu. Hakuna aliyenitukana. Waliniamkia vizuri, wakakaa mbele. Dukani, nikiingia, mazungumzo yalikuwa juu ya bei ya ngano. Mtu akifiwa na mtoto kwetu huletewa pai, huletewa kuku wa kukaanga, hukalishwa akaulizwa habari za mtoto wake mpaka achoke kusema. Mimi hata sahani moja sikuletewa. Huku watu wanapanga foleni kusikia jinsi Dell alivyougua surua. Nawaambia jinsi alivyokuwa akiogopa bata. Wanacheka, kisha wanafuta macho. Leota, ni mahali pekee ninapoulizwa habari za mwanangu.

Nawe, nimeona. Unaandika "mwanao, mwanao", kana kwamba nilimzaa peke yangu porini na wewe hukuwahi kumbeba mgongoni.

Sikukuu haitanikuta huko. Tutakuwa Arkansas. Maua yangu ya peoni usiyaache yachanue yote kabla ya siku. Minya tumba kwa vidole. Likiwa laini kama shavu la mtoto, likate, lifunge kwenye gazeti, liweke sakafuni katika chumba cha chini. Siku ya kuamkia sikukuu lichovye majini. Litafunguka lenyewe, kubwa kama kabichi. Mwekee baba yako. Na Dell.

Mama yako anayekuombea,
Orpha Teague

Alder Fork
2 Juni 1935

Mama,

Natumaini u mzima na miguu imepona. Kitunguu kimesaidia kuku. Mtoto wa Irma amebatizwa, nywele bado zipo.

Nilifanya ulivyosema. Peoni zilifunguka vizuri. Asubuhi ya sikukuu nilimwekea baba mkebe mzima na nikarudi kituoni, kwa sababu mayai hayajui sikukuu. Saa nane mchana nikarudi kumwagilia. Mama, nje ya ukuta wa makaburi kulikuwa na magari sitini na moja. Alder Fork nzima haina magari sitini na moja. Kulikuwa na namba za Nebraska, za Colorado, hata moja ya Illinois. Mtu alikuwa anauza soda.

Kaburi la mwanao lilijaa maua mpaka jiwe halionekani, au tuseme lile lililobaki la jiwe, maana pembe zote mbili wameshazivunja wakaondoka nazo. Na kaburi la baba lilikuwa tupu. Mkebe umelala. Safu nzima ilikuwa hivyo, tupu, kama kuku wamepita.

Msichana mmoja aliyevaa soksi za hariri akaniambia, "Dada, tupishe kidogo, tunapiga picha."

"Maua haya mmeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Hatukujua kama kuna pa kununua. Tumechukua pale na pale, yapo mengi." Akanionyesha kwa kidole, bila aibu hata kidogo. "Wale wengine hakuna anayewajua."

Papo hapo Hulda Strand akatupita. Hakunisalimu. Alipiga magoti kwenye kaburi la mwanao, akaanza kuchambua. Peoni zake alizifunga shina kwa kamba za viatu vya Milo, kwa hiyo alizijua. Unazijua hata wewe, ulimpa shina la kupanda mwenyewe mwaka aliohamia ile nyumba ya kona. Alikuwa akitoa moja, anapangusa mchanga, anaweka kwenye aproni.

Mwanamume mwenye kamera akamwambia, "Mama, huna huruma? Mwachie marehemu maua yake."

"Haya ni ya mume wangu," akasema Hulda.

"Mumeo nani?"

"Milo Strand."

Wakatazamana. Yule msichana wa soksi akauliza kwa heshima kabisa, na hapo ndipo ninapokosa usingizi, Mama, kwamba aliuliza kwa heshima: "Na yeye alikuwa kwenye genge?"

Hulda aliongeza ua jingine kwenye aproni. Alimaliza kuchambua akaondoka. Aproni ilijaa hadi maua mawili yakaanguka njiani, na sikuthubutu kumwokotea.

Sitaki tena urudi kwa ajili ya baba. Nataka kitu kimoja. Kila jioni watu mia mbili, mia tatu, wanakusikiliza. Watajie jina lake. Waambie kulikuwa na mtu anaitwa Milo Strand, keshia wa benki, na waambie aliuawa na nani. Usiseme mengine. Ukifanya hivyo simulia surua mpaka kesho, sitakuandikia neno baya.

Leota

Fort Smith, Arkansas
29 Juni 1935

Mwanangu,

Kadi hii ni ya kukujulisha nimefika salama. Joto ni kali na nzi ni wengi. Wanauza matunda mazuri ya pichi hapa. Msalimie Irma.

Mama

Alder Fork
21 Julai 1935

Mama,

Mimi ni mzima. Ng'ombe mzima. Irma mzima. Salamu zimekwisha.

Nimekuandikia karatasi nne kuhusu Milo Strand, umenijibu kuhusu nzi.

Kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo sikutaka likufikie kwa mkono wangu. Nilikwenda kwa Hulda kurudisha kamba moja ya kiatu niliyoiokota. Hakunikaribisha ndani, lakini hakufunga mlango pia. Akaniambia aliyosimuliwa na yule msichana wa taipu wa benki aliyekuwa chini ya meza siku ile. Mwanao alikuwa amejifunga kitambaa usoni. Wale wenzake walikuwa wanapiga kelele, yeye alikuwa kimya, anatia fedha kwenye mfuko. Milo alimtazama mikono. Unakumbuka Milo ndiye aliyemfundisha kufunga fundo la kufungia ng'ombe, pale kwenye zizi letu, mwaka baba alipougua. Nadhani alimjua kwa jinsi alivyofunga mfuko.

Hakubonyeza kengele, hakupiga yowe. Aliuliza tu kwa sauti ya chini, kama vile wamekutana dukani: "Dogo, mama yako anajua uko hapa?"

Hilo ndilo neno la mwisho la Milo Strand. Baada ya hapo ni bunduki, na bunduki ilikuwa moja tu iliyolia.

Hulda hakulia aliponiambia. Alisema, "Milo alikuwa mtu wa kuulizia mama za watu." Akafunga mlango.

Sasa unalo. Fanya nalo unachotaka.

Leota

Alder Fork
18 Novemba 1935

Mama,

Sijapata neno lako tangu kiangazi. Nimeandika Fort Smith, nimeandika Ponca City, barua zimerudi na mhuri. Nilianza kuogopa umelala hospitali mahali nisipopajua. Usiku nilikuwa nageuka kitandani napanga nani atafungua kituo nikija kukutafuta.

Leo dereva wa lori la mayai ameniletea tangazo. "Kwa mara ya kwanza Amarillo, Texas: Mama Mzazi wa Jambazi, Ana kwa Ana! Sikia kilio cha moyo wa mama!" Kuna picha lakini imechapwa vibaya, naona gauni jeusi na leso tu. Kumbe u mzima. Kumbe una sauti, ila ya kuniandikia ndiyo haipo.

Nami hofu yangu niliyoipoteza bure nani atanirudishia? Nimefurahi hujafa. Nimekasirika hivyo hivyo. Nimekutumia bahasha hii kwa anwani ya onyesho, pia nyingine kwa posta kuu ya Enid, kwa sababu yule dereva anaapa alikuona huko Oktoba ukibeba ndoo ya viazi. Nimemwambia macho yake yamechakaa.

Kaa na watu wako wa tiketi. Baridi imeingia, ukipata nafasi, vaa soksi mbili.

Leota

Enid, Oklahoma
12 Desemba 1935

Mwanangu Leota,

Nakusalimu, na unisamehe ukimya. Macho ya dereva wako ni mazuri. Niko Enid tangu mwisho wa Septemba. Ninapika kwenye nyumba ya wapangaji karibu na maghala ya ngano, wanaume kumi na wanne wanaokula kama moto. Nina chumba nyuma ya jiko na kina joto. Ninavaa soksi mbili.

Huyo wa Amarillo si mimi.

Barua yako ya Julai ilinifikia Ponca City. Niliisoma nikaiweka ndani ya kiatu. Jioni hiyo nilipanda jukwaani nikaanza na bata, kama siku zote. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Nilipofika kwenye surua sikuweza kuendelea. Bwana Gaskill alidhani ndilo chozi linakuja, akampungia mkono mpiga kinanda.

Nikasema, "Kulikuwa na mtu anaitwa Milo Strand." Nikaeleza ni nani. Nikaeleza kuhusu fundo la ng'ombe, na swali alilouliza. Nikasema, "Mwanangu Dell alimpiga risasi. Si genge, ni Dell. Na jibu la swali lake ni hapana. Sikujua. Nilikuwa uani naanika mashuka. Upepo ulikuwa mzuri siku ile, na nakumbuka nilifurahi."

Leota, hema lilikuwa limejaa na nilisikia taa zinavyovuma. Kisha mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Hatukuja kanisani hapa!" Mwingine akasema, "Hebu turudie lile la bata!" Wakacheka. Mwanamke aliyekuwa mbele kabisa, mwenye mtoto mapajani, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Akasema, "Kwa hiyo kweli alimuua? Gazeti lilisema si yeye." Nikamwambia ni yeye. Akainuka akaenda dirisha la tiketi kudai kiingilio chake, na wengine wakamfuata.

Gaskill hakunipigia kelele, siku hiyo ndiyo nilimwona mtulivu. Aliniambia, "Mama Teague, watu wametoka mbali kuja kumpenda mvulana wako. Unawanyang'anya kwa nini?"

Nikamwambia kesho nitasema tena.

Asubuhi alikuwa ameshapata mama mwingine. Ni Bibi mmoja aliyekuwa akiigiza michezo huko Kansas City. Machozi yake yako karibu kuliko yangu. Wamempa gauni langu jeusi. Amenizidi urefu, ikabidi wateremshe pindo. Nilimwonyesha mwenyewe jinsi ya kuliteremsha. Aliniuliza, "Mama, ni kweli aliogopa bata?" Nikamwambia ndiyo. Akaandika.

Kwa hiyo nimetaja. Hukutaka mengine, nami sina mengine. Lakini kuna neno nataka kukuuliza, nimelizungusha wiki zote hizi huku nikimenya viazi. Sikukuu ya mwakani ningependa kuja. Si nyumbani kukaa, kazi hii siwezi kuiacha na sitaki kukaa kwenye lile benchi. Ni kuja makaburini tu, na kuondoka. Lakini sitapita kwenye safu ya tatu kama Hulda hataki. Muulize. Usimwombe. Muulize tu.

Mama yako,
Orpha

Alder Fork
26 Februari 1936

Mama mpendwa,

Natumaini wapangaji hawajakula na meza. Mimi ni mzima. Mtoto wa Irma amenyonyoka nywele zote, sasa ana kichwa kama yai la bata, na Irma alilia ingawa nilimfikishia ujumbe wako. Theluji ni nyingi na wakulima wamefurahi kuona maji ya aina yoyote.

Ile barua yangu ya Novemba ichome.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilingoja Hulda aje mwenyewe. Tangu mwaka juzi alikuwa akipeleka mayai yake mji wa pili, maili kumi na moja, ili asiyaweke kwenye taa yangu. Wiki iliyopita barabara ilifungwa na theluji, akaja. Aliweka kikapu kwenye kaunta akasimama anatazama dirishani. Nikamulika yai moja baada ya jingine, na ningekuwa mwoga zaidi ningemulika mara mbili. Mwisho nikamwambia uliyosema jukwaani, na swali lako.

"Alisema jina lake?" akauliza. "Mbele za watu?"

"Ndiyo."

"La ukoo pia?"

"Yote mawili. Na kwamba alikuwa keshia. Na kuhusu lile fundo la ng'ombe."

"Watu wangapi?"

"Hema lilijaa. Kama mia tatu."

"Wakasema nini?"

Nikafikiri nimdanganye. Nikasema, "Walidai kiingilio chao."

Mama, Hulda alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kama mtu anayekohoa pumba, lakini kilikuwa kicheko. Kisha akasema, "Milo angewarudishia. Alikuwa hawezi kuvumilia mteja anayenung'unika."

Akachukua kikapu chake. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka: "Mwambie aje mapema, kabla ya magari. Na aje na mkebe wake. Mimi sina wa kuazima."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza.

Bintiyo,
Leota

Enid
30 Aprili 1936

Mwanangu,

Nimepata siku moja ya ruhusa. Basi la usiku litanifikisha njia panda alfajiri, na lingine linarudi saa nne asubuhi. Nitatembea kutoka njia panda, usihangaike kunipokea. Nina mkebe wa kahawa wa hapa jikoni, nimeusugua.

Minya matumba mapema. Mwaka huu joto limewahi.

Mama

Alder Fork
1 Juni 1936

Mama mpendwa,

Natumaini ulifika salama na wapangaji hawakulala njaa. Mimi ni mzima. Nimechomwa na jua shingoni.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka kabla mambo hayajaisha, na huwezi kuyajua nisipokuambia.

Kwanza zile peoni. Uliniuliza pale langoni kwa nini majani yake yana weusi. Sikukujibu, kwa sababu ningejibu ningelia, na kulikuwa bado na kazi. Nilikuwa nimezifunga kwenye magazeti yale ya mwaka juzi, yaliyo na picha za Dell. Nilikuwa nayo yote chini ya kitanda, sikuwahi kukuambia. Nilimfunga Dell kwenye kila shina. Uso wake ulikuwa kila mahali sakafuni katika kile chumba cha chini, na kila jioni nilipokwenda kuminya matumba nilikuwa nasema, "Habari za leo, Dell." Wino ulihamia kwenye majani.

Sikusikia mliyoongea na Hulda. Niliwaona mmesimama mbalimbali, angeweza kupita ng'ombe katikati yenu. Niliona ukipiga magoti safu ya tatu na kung'oa magugu kwenye kaburi la Milo, na kwamba hakukuzuia. Niliona umeanza na lile, kisha la baba, ndipo ukaenda kwa Dell. Umekonda, Mama.

Na nilimsikia yule kijana wa gari la kwanza, aliyefika mapema kuliko wenzake. Alikukimbilia na daftari lake la kukusanya saini, akakuuliza, "Samahani, Bibi, si wewe mama yake Dell Teague?"

Ukamwambia, "Hapana, mwanangu. Mama yake yuko Texas. Nenda ukamtazame huko."

Akakushukuru. Ukachukua mfuko wako ukatoka langoni, ukawa mdogo, mdogo, kwenye ile barabara ya njia panda. Nilitaka kukufuata. Nilibaki kwa sababu magari yalikuwa yanaingia na nilikuwa nimeapa safari hii hawatagusa ua la baba. Hulda naye alileta kiti cha jikoni akakiweka kando ya Milo, akakaa na mwavuli. Tulilinda safu ile mchana kutwa, yeye upande wake, mimi upande wangu. Magari yalikuwa ishirini na mawili tu. Wanasema kuna jambazi mpya huko Ohio, kijana, mwenye sura nzuri.

Nilisimama kwa baba, Mama. Sikuweza kusimama kwa wote wawili. Walimchukulia Dell kila kitu. Walichukua maua, wakachukua na mkebe wako wa kahawa. Jioni palibaki duara tu mchangani, mahali ulipoubonyeza.

Watu walipokwisha, Hulda alikunja mwavuli wake. Akaja mpaka pale, akalitazama lile duara. Peoni za Milo zilikuwa zote mahali pake, hazijapungua hata moja. Nilidhani atasema kitu. Nilikuwa tayari kwa neno lolote.

Aliuliza, "Mama yako alikula kabla ya kupanda basi?"

Nikamwambia sijui.

Sijui, Mama. Nilikuwa na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, sita, niliyachemsha kwa ajili yako, na nikasahau kukupa. Niandikie. Ulikula?

Bintiyo, na dada yake Dell,
Leota